Profesa Rupia na W ya Kaisari

Pale Majengo, mjini Songea, ukitoka sokoni kuelekea wanakouza ndoo za plastiki, kuna meza yenye kisanduku cha kioo. Ukiipita bila kuitwa, ujue mwenyewe amekwenda chooni. Mwenyewe anaitwa Aloyce Mapunda. Kibao chake kinasema FUNDI SAA, ila kibao hicho kilichorwa zamani, watu walipokuwa bado wanavaa saa. Siku hizi anayetaka kujua saa anachungulia simu, na Aloyce amebaki kubadilisha betri za rimoti, kukaza miwani iliyolegea miguu, na kugawa elimu ambayo hakuna aliyeiomba.

Elimu yenyewe ni kusoma herufi za wafalme kwenye sarafu za kale.

Usicheke kwanza, muda wa kucheka upo. Songea hii ni shida kupata nyumba isiyo na sarafu ya kale. Kama haimo kwenye mkebe wa vifungo, basi iko chini ya mguu wa kabati linaloyumba, au bibi ameifunga kwenye pindo la khanga na hakumbuki kwa nini. Na wafalme wa zamani walikuwa na tabia moja: hawakupenda kuandika jina zima. Walisokota herufi mbili tatu kama msuko wa nywele, wakaweka taji juu, wakaacha watu wahangaike. Hapo ndipo Aloyce alipoona malisho ya ulimi wake. Ukimletea sarafu, anabana jichoni kile kijikopo cheusi chenye kioo wanachotumia mafundi saa, anaiinua juani, ananyamaza kidogo (na Aloyce akinyamaza ujue jambo ni zito), halafu anakutajia mfalme, baba wa mfalme, na uji aliokunywa mfalme asubuhi ile sarafu ilipogongwa.

Alisomea wapi? Tuseme ukweli, maana yeye hatausema. Darasa la saba alilimaliza kwa kusukumwa. Kabla ya hapo alikuwa mtumikiaji wa misa parokiani, mpaka alipoondolewa kwa kosa la kusinzia huku ameshika mshumaa, na mshumaa ukafanya urafiki na pazia. Altareni alitoka na maneno machache ya Kilatini, na maneno hayo ameyatumia maisha yake yote kama fukara anavyolitumia shati lake la pekee: kanisani analo, msibani analo, shambani analo.

"Tazama hapa," humwambia mteja. "Georgi Rex. Na hii nyingine, Edwardi Rex. Umeona? Baba mmoja. Huyo Mzee Rex alijaliwa watoto."

Siku moja Mama muuza ndizi wa jirani alileta sarafu ya Kiingereza aliyopewa na mzungu mmoja mpita njia. Ina mwanamke mwenye taji.

"Elizabeti," alisema Aloyce. "Na hapa wamefupisha, R-E-G. Regina. Ndilo jina lake la ubatizo. Mkatoliki mwenzetu."

Yule mama naye jina lake Regina. Tangu siku hiyo akipanga ndizi anazipanga kwa madaha, na ukimwomba apunguze bei anakutazama kama umevamia ikulu.

Kuhusu sarafu za Mjerumani zenye sura ya Kaisari mwenyewe, Wilhelmu, Aloyce alikuwa na maelezo yake. Kaisari ameandikwa Imperator, si Rex. "Kwa hiyo huyu ni ukoo mwingine kabisa, ukoo wa Imperator. Na ndicho kisa cha Vita ya Kwanza: ukoo wa Rex na ukoo wa Imperator waligombea mipaka ya mashamba." Na zile senti za wakati wa vita zenye taji na herufi D, O, A, ambazo waliosoma wanasema ni jina la koloni kwa Kijerumani, yeye alizimaliza kwa neno moja. "Doa! Si mnajua kusoma? Mjerumani alikiri mwenyewe kwamba katia doa nchi ya watu."

Hilo la doa lilivuma mpaka mtaa wa Mfaranyaki, na watu wakaanza kumwita Profesa Rupia. Kitu kimoja tu alichokijua sawasawa ni kwamba hili neno letu "hela" limetokana na senti ya Mjerumani iliyoitwa heller. Hilo ni kweli, na ndilo lililomharibu. Mtu akipatia mara moja, nani atamwambia kitu tena?

Labda Hassani. Hassani anauza viatu vya mitumba meza ya pili yake. Ni Myao wa upande wa Namtumbo, na Aloyce ni Mngoni, kwa hiyo ni watani, na mtani hahitaji ruhusa ya kukutukana.

"Profesa," humwambia kila asubuhi, "mfalme gani leo amelala njaa ukamfufua?"

"Nyamaza wewe muuza viatu vya marehemu. Babu zako waliwakimbia babu zangu mpaka viatu wakaacha njiani. Ndivyo hivyo unavyouza."

"Walikimbia maneno yenu. Mikuki wangeivumilia."

Basi, maisha yalikuwa hayo, mpaka alipokuja Benigna.

Benigna ni fundi cherehani wa Mfaranyaki. Akishona kitenge, siku kinapovaliwa kanisani mahubiri hayasikiki. Alikuwa amekaribia miaka arobaini, hajaolewa, na si kwa kukosa waposaji. Sababu yake tutaifikia. Alikuja mezani akiwa na kitu kwenye karatasi ya gazeti.

"Habari za kazi, fundi. Nilikuwa napalilia mahindi shambani kwa mama, kule Mshangano, jembe likagonga hiki. Wanasema wewe unasoma."

Kilikuwa kidude cheusi, chembamba, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, chenye umbo la yai, na ukingoni kuna kinundu chenye kitundu kilicholika nusu. Upande mmoja ulikuwa umelika wote, laini kama kijiko cha zamani. Upande wa pili palikuwa na kitu chini ya kutu.

Aloyce alibana kioo jichoni. Alitazama kidude, halafu, kwa kuwa kioo kilikuwa bado kipo jichoni, alimtazama Benigna. Kioo kile kinakuza mara nyingi. Mgane wa siku nyingi kama yeye hakutakiwa kumwona Benigna kwa ukubwa ule.

"Hii," alisema, sauti imebadilika, "inataka uchunguzi. Uje Ijumaa."

Ijumaa Benigna akaja. "Bado," alisema Aloyce. "Herufi za wafalme hazina haraka." Ijumaa nyingine akaja tena, safari hii na mihogo ya kuchemsha kwenye bakuli, eti kwa kuwa alipita na njaa. Bado. Ijumaa iliyofuata, mihogo na karanga. Bado kabisa.

"Hivi," Hassani aliuliza, "hiyo sarafu inasomwa kwa macho au kwa mihogo?"

"Wewe mambo ya kitaalamu yanakuhusu nini?"

"Yananihusu, nimeona utaalamu unanenepa."

Ukweli ni kwamba Aloyce alishaisafisha tangu wiki ya kwanza, kwa ndimu na majivu, akaona kilichopo. Palikuwa na herufi kubwa, W, iliyopitiwa na kijiti. Chini ya W, kitu kama upanga. Juu ya W, vitu viwili vyenye ncha. Na pembeni pote, nyota zimezunguka.

"Wilhelmu," alinong'ona. "Kaisari mwenyewe."

Siku alipoamua kumwonyesha Benigna, dada wa watu aliinama, akatazama, akapeleka mkono.

"Mbona umeishika hivi? Tuigeuze tuone—"

"Usigeuze!" Aloyce alimzuia kama mtu anayezuia mtoto na kisu. "Kuna kanuni, Benigna. Kitundu kinakaa chini. Siku zote. Kitundu kikikaa juu maana yake kitu kimetundikwa, na mfalme hatundikwi kama koti."

"Na sarafu yenye umbo la yai?"

"Ilikuwa duara. Imebanwa na miaka."

Benigna alicheka mpaka akashika meza. Na Aloyce, ambaye maisha yake yote watu wamemcheka akakasirika, safari hii hakukasirika. Hapo ndipo alipojua amekwisha. Akamwambia pale pale, kioo bado jichoni, kwamba anataka kumposa.

Benigna aliacha kucheka.

"Aloyce, mimi nakutaka. Tatizo si mimi. Kwetu posa haipokelewi mpaka mama na shangazi waseme neno moja. Na wale hawajasema neno moja tangu mimi sijaota meno."

Mama yake ni Bibi Kunegunda, mjane. Shangazi ni Getruda, dada wa marehemu baba yake. Nyumba zao zinatazamana pale Mshangano, kijia tu katikati, lakini ukifuata maneno yao utadhani kuna bahari. Alikuja mwalimu mmoja kutoka Mbinga kuposa. Mama akasema ni mpole, shangazi akasema ni mpole kama uji wa mgonjwa. Akaja dereva wa lori. Shangazi akasema ni mwanaume, mama akasema ni mwanaume mno. Akaja mmoja mwenye ng'ombe, wote wawili wakampenda, ila shangazi alipogundua mama amempenda akaanza kuona ana makengeza.

"Waligombania nini?" aliuliza Aloyce.

"Mama anasema shangazi alimwibia kitu. Shangazi anasema kasingiziwa. Kitu chenyewe hakitajwi. Kikitajwa, sahani zinaruka. Mimi mwenyewe sikijui."

Mtu mwenye akili angeogopa. Aloyce alipiga meza mpaka rimoti zikaruka. "Basi tumeshinda! Nitawapelekea Kaisari. Kimetoka shambani kwa mama yako, kirudi kwa heshima, kimesomwa. Mbele ya kitu kama hicho nani atakuwa na maneno mawili?"

Mshenga akawa nani? Hassani, kwa kuwa mtani hakatai shughuli na wala hajui kuona haya.

Wakaenda Jumapili baada ya misa ya pili. Kwa desturi mposaji hubaki nyumbani akitafuna kucha, lakini sasa sarafu ingesomwa na nani? Hassani? Ikabidi Aloyce aende, amevaa koti la harusi ya mtu mwingine. Kwa kuwa mkwe hatazamwi usoni, walimweka kwenye kigoda kando ya mlango, ubavu kwa Bibi Kunegunda, uso umeelekea ukutani kwenye kalenda. Watani wanasema hakuna siku Aloyce aliwahi kuzungumza na hadhira iliyomsikiliza vizuri kama ile kalenda.

Bibi Kunegunda alikaa pembe hii ya sebule. Shangazi Getruda alikaa pembe ile, kiti amekigeuza nusu. Benigna alisimama mlangoni mwa jikoni akigawa togwa.

"Shikamoni," alisema Hassani.

"Marahaba," alijibu Bibi Kunegunda.

Shangazi Getruda alisubiri ile marahaba ipoe kwanza, ndipo akatoa ya kwake.

"Benigna," alisema Bibi Kunegunda, "muulize shangazi yako kama togwa inamtosha."

"Benigna," alisema Shangazi Getruda, hatua nne kutoka hapo, "mwambie mama yako inatosha, ila ingetiwa kimea kidogo ingekuwa togwa."

Hassani alijikohoza. "Bismillahi. Wazee wangu, mimi ni Myao, nimekuja kwa Wangoni bila silaha. Nimeona ua kwenye nyumba hii, na kuna nyuki mmoja, mzee kidogo, bawa moja limechoka, ila bado analia vuuu. Ameomba niseme kwa niaba yake, na kwa kuwa anaongea mno, mnisaidie ninyi asiongee zaidi ya mara moja."

Shangazi Getruda alibana mdomo kuzuia kicheko, akaona Bibi Kunegunda naye anabana, akaacha kubana, akanuna.

"Ana nini huyo nyuki?" aliuliza Bibi Kunegunda.

"Ana elimu."

"Elimu tulishaletewa na yule mwalimu wa Mbinga," alisema Shangazi Getruda.

"Yule aliyekataliwa na nani?" Bibi Kunegunda aliiuliza dari.

"Profesa," Hassani alisema haraka, "soma!"

Aloyce alisimama kuelekea kalenda. Akatoa kitambaa, akakifungua, akabana kioo jichoni. Mlangoni mwa jikoni Benigna alikuwa ameshika jagi la togwa kwa mikono miwili na hapumui.

"Wazee wangu. Kitu hiki kimelala kwenye ardhi yenu hii ya Mshangano tangu enzi za Mjerumani. Hii ni sarafu ya Kaisari. Si ile ya sokoni aliyopewa kila askari. Hii ni ya siri. Hapa katikati kuna W. Wilhelmu! Chini ya W kuna upanga. Upanga ungekuwa juu, maana yake vita. Uko chini, maana yake Kaisari amesalimu amri."

"Kwa nani?" aliuliza Shangazi Getruda, akageuza kiti robo.

"Swali zuri sana, Shangazi! Tazama juu ya W. Kuna ncha mbili za mikuki. Mikuki ya nani tena yenye ncha pana hivi? Mikuki ya Wangoni! Kaisari alijua kabisa walivyomkalia kichwani, akaona aibu kulitangaza, akaligonga kwenye sarafu kimya kimya na kuizika shambani kwenu."

"Eee!" alisema Bibi Kunegunda. Babu yake alikuwa Mngoni wa mikuki kweli.

"Na Wayao?" Hassani alishindwa kujizuia. "Wayao wako wapi humo?"

"Wayao ndio hizi nyota. Wengi, wanang'aa, wamesimama pembeni wanatazama."

"Wallahi nitakuuzia viatu vya miguu ya kushoto mitupu."

Shangazi Getruda alicheka kwa sauti. Bibi Kunegunda naye akacheka. Walicheka kwa wakati mmoja, wakashtukiana, kila mmoja akamezea chake. Benigna alishusha pumzi nusu. Palikuwa karibu. Kila mtu aliona palikuwa karibu.

"Hebu niione hiyo mikuki," alisema Bibi Kunegunda.

Aloyce hawezi kumkabidhi mkwe kitu mkononi, kwa hiyo alimpa Hassani, kitundu chini, akimsisitiza kama anayemkabidhi mtoto mchanga: "Hivyo hivyo, usiigeuze." Hassani akaipeleka hivyo hivyo. Bibi Kunegunda akaipokea kwa vidole viwili.

Na vidole vya Bibi Kunegunda, bila kuulizwa na mtu, vikaigeuza. Vilikishika kile kinundu chenye kitundu, vikakiinua juu, kama vinavyoshika kitu vilichokishika mara elfu.

Hakusema kitu. Aloyce, uso kwenye kalenda, alidhani ni heshima ya Kaisari.

"Getruda," alisema Bibi Kunegunda.

Jagi la togwa lilimponyoka Benigna. Jina hilo lilikuwa halijatoka kwenye mdomo ule miaka yote aliyoishi; siku zote ilikuwa "shangazi yako", "yule wa ng'ambo", "jirani".

Shangazi Getruda alisimama, mkono kiunoni. "Unaanza? Mbele ya wageni unaanza?"

"Njoo uone."

"Siji. Nikija utasema nimeiba na hiyo."

"Getruda, wifi yangu, njoo uone."

Neno wifi ndilo lililomvuta. Alivuka sebule, akainama, akatazama. Herufi ilikuwa imesimama sasa kwa miguu yake, na haikuwa W hata kidogo. Ilikuwa M. Upanga wa Kaisari ulikuwa msalaba, umesimama juu ya M. Ncha mbili za mikuki ya Wangoni zilikuwa mioyo miwili, wa Yesu na wa Mama yake. Na Wayao walikuwa nyota za Bikira Maria.

"Ni medali yako," alisema Shangazi Getruda polepole.

"Ni medali yangu. Mama alinifunga shingoni siku natoka kwetu kuja kuolewa hapa. Siku moja uliishika ukasema nzuri. Kesho yake nimepalilia mahindi, narudi jioni, shingo tupu."

"Nilisema sikuchukua."

"Ulisema."

"Nilisema labda uzi umekatika shambani."

"Ulisema, wifi."

"Ukasema uzi haukatiki wenyewe, labda una wifi."

"Nilisema," alisema Bibi Kunegunda, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la kitenge kilichoshonwa na bintiye. "Nisamehe. Nimekukosea tangu tukiwa na viuno vyembamba."

Shangazi Getruda alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo miaka yote, ana hotuba nzima, na sasa haikuja hata sentensi. Mwishowe akasema, "Nataka jogoo."

"Chukua wawili."

"Na kisamvu chako cha karanga. Sijakila tangu hapo. Nakisikia harufu tu, inavuka njia inakuja kunitesa."

"Nilikuwa nafungua dirisha makusudi," alisema Bibi Kunegunda.

Wakashikana mikono. Wakacheka, wakalia, wakacheka tena, mpaka Hassani, ambaye hajawahi kukosa neno, akabaki anakunja na kukunjua kofia yake.

Halafu wale wanawake wawili wakakumbuka kuna mtu amesimama anatazama kalenda.

Masikio ya Aloyce yalikuwa yamewaka. Alikuwa amesikia yote na kuelewa yote, tangu liliposemwa neno medali. Miaka yote ya utotoni, akiwa ameshika mshumaa, M ile ile yenye msalaba ilikuwa imechorwa ukutani juu ya kichwa chake. Angekuwa hasinzii angeijua hata gizani.

"Kijana," alisema Bibi Kunegunda. (Kijana ana mvi.) "Ulimgeuza Mama Maria kichwa chini?"

"Kanuni ya kitundu, mama," Aloyce aliiambia kalenda, sauti kama ya mbu.

"Ukamwita Kaisari?" alisema Shangazi Getruda. "Ukampa mikuki?"

"Na upanga," Hassani alisaidia.

Benigna alimtazama mama, akamtazama shangazi, akautazama mgongo wa lile koti la kuazima. Kidude kilikuwa kimesomwa, na kimesomwa vibaya, mbele ya watu, siku ya posa. Alijua yatakayofuata. Mama atasema hivi, shangazi atasema vile, na kesho atarudi kwenye cherehani yake kama alivyorudi mara zote.

Bibi Kunegunda alivuta pumzi. "Huyu mtu," alisema, "ni mjinga."

"Mjinga kabisa," alisema Shangazi Getruda.

Hassani aliruka kutoka kitini kana kwamba amekalia moto. "Neno moja!"

"Nini?" aliuliza Bibi Kunegunda.

"Neno moja! Wote mmesikia! Mama amesema mjinga, shangazi amesema mjinga. Hilo la 'kabisa' ni mbwembwe tu, halihesabiki. Si desturi yenu hii? Mama na shangazi wakisema neno moja juu ya mposaji, posa imepokelewa. Hamkusema liwe neno gani! Desturi haikusema lazima liwe zuri!"

Mawifi wawili walitazamana. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa wa kwanza kumpinga mwenzake. Ndiyo kwanza wamepatana, na jogoo hajachinjwa.

"Mtani huyu ni jambazi," alisema Bibi Kunegunda.

"Jambazi," alisema Shangazi Getruda.

"La pili hilo! Mnaona mnavyoelewana?"

Ndipo Benigna alipotoka mlangoni mwa jikoni, miguu imelowa togwa, akasimama katikati ya sebule. "Na mimi nasema hilo hilo," alisema. "Ni mjinga. Na nimemkubali."

Shangazi Getruda aliketi, safari hii kwenye kiti kilicho karibu na wifi yake. Akatoa hukumu akiwa anajifuta macho: mahari itazungumzwa na wanaume siku yao, lakini faini anaitoza yeye. Mwezi mzima wa rozari, Profesa Rupia atatembea na jumuiya nyumba kwa nyumba, ameshika mshumaa mbele ya sanamu ya Mama Maria. Asisinzie.

Alisinzia usiku wa pili. Benigna alikuwa amejipanga nyuma yake na pini.

Walifunga ndoa kabla ya Majilio, Krismasi ikiwa bado mwezi. Meza bado ipo pale Majengo, na cherehani sasa imehamia pembeni yake. Ukileta sarafu, Aloyce anabana kioo, anaiinua juani, ananyamaza, halafu kabla ya kumtaja mfalme anaipeleka upande wa cherehani. "Kipi juu?" anauliza. Benigna anaigeuza bila kuacha kukanyaga. Ukoo wa Rex unaendelea kuzaana kama kawaida.

Ila kuhusu siku ile, usimuulize. Atakwambia alijua tangu mwanzo. Atakwambia aliigeuza makusudi ili wazee wapatane, na kwamba ni mbinu ya kitaalamu ambayo Wayao hawawezi kuielewa. Hassani akisikia hivyo anampigia makofi ya ndala.

Na Bibi Kunegunda amelitia lile dude uzi mpya, mnene, wa kushonea magunia. Analivaa kila siku, M imesimama, msalaba juu. Mkwe wake akija kusalimia, anainamisha macho mpaka chini. Majirani wanasifu: tazama kijana wa watu anavyomheshimu mkwe. Shangazi Getruda, akiwa anamega ugali kwa kisamvu cha wifi yake, anasema si heshima hiyo. Anaogopa Kaisari asije akamkumbuka.